KONA YA MWALIMU: Masomo ya kompyuta hayangoji ndege

 

Swali la vijana kila siku ni hili: "Mwalimu, nitasoma kompyuta wapi?" Wengine wanajijibu wenyewe: "Nikifika Marekani." Basi leo tuongee wazi.

Ni kweli, Marekani kuna vyuo vya jamii. Cha Joliet, jimbo la Illinois, kilianza mwaka 1901. Masomo ni kama miaka miwili, karo ni ndogo kuliko ya chuo kikuu, na mtu anaweza kufanya kazi mchana na kusoma jioni. Akimaliza anaweza kuhamia chuo kikuu, akaongeza miaka miwili, akapata digrii. Lakini kabla ya kuanza wanaangalia Kiingereza chako na hesabu zako. Aliye dhaifu anaweza kurudishwa kwanza kwenye masomo ya sekondari, anayalipia, na mara nyingi hayahesabiwi kwenye digrii.

Tena tukumbuke, mwezi wa kwanza mwaka 2025 Marekani ilisimamisha safari za wakimbizi. Kijana aliyeacha shule kwa sababu anangoja safari amepoteza mara mbili: safari hana, cheti hana.

Sasa, sayansi ya kompyuta ni nini? Kuandika barua kwa kompyuta ni vizuri, lakini huko ni kutumia chombo tu. Sayansi yenyewe ni kupanga hatua ambazo mashine itazifuata bila kukosea. Hiyo unaweza kuianza leo, hata kama hamna umeme nyumbani. Jaribuni mchezo huu. Mmoja afiche namba kati ya 1 na 100. Mwingine aulize, naye ajibiwe "juu" au "chini" tu. Anayebahatisha atauliza weee mpaka achoke. Anayegawa katikati kila mara, 50, halafu 25 au 75, ataipata kwa maswali 7, hayazidi. Namba zikiwa 1,000, maswali ni 10 tu! Kompyuta nayo inaweza kutafuta jina katika orodha ndefu iliyopangwa kwa njia hiyohiyo. Kumbe ni hesabu, siyo uchawi.

Hapa Rwanda milango ipo. Chuo cha Tumba, wilaya ya Rulindo, kilifunguliwa mwaka 2007 na kinafundisha teknolojia ya habari. Leo kiko chini ya Rwanda Polytechnic, iliyoundwa mwaka 2017. Huko unatoka na diploma ya A1. Kule Kiziba, Karongi, wakimbizi walianza mwaka 2015 kusomea digrii ya chuo cha Marekani kambini kwao, kupitia Kepler. Na kuna msaada wa DAFI, unaolipwa zaidi na Ujerumani kupitia HCR tangu mwaka 1992. Nafasi ni chache, wanaangalia alama.

Kwa hiyo nawaomba mambo manne:

1. Hesabu kila siku, hata nusu saa. Usiikimbie.

2. Kiingereza. Wengi wetu tulisoma kwa Kifaransa kule Kongo, lakini Rwanda ilihamia Kiingereza tangu mwaka 2008.

3. Tunzeni vyeti na bultini katika mfuko wa plastiki. Mwenye diploma ya Kongo aulize mapema namna ya kuilinganisha na ya hapa, asingoje wiki ya mwisho.

4. Fomu za msaada haziuzwi. Anayekudai pesa ili akuandike jina ni mwizi, mpelekeni ofisini.

Na ninyi wamama na wababa, msichana naye apewe hiyo nusu saa. Maji yanaweza kuchotwa na kaka yake pia. Akifeli hesabu kwa kukosa muda, tusiseme hana akili.

Siku ya kuondoka ikifika, nguo zitabaki, masufuria yatabaki. Ulichosoma utaenda nacho. Na siku hiyo isipofika, utakitumia hapahapa.

Tuonane mwezi ujao. Mungu awalinde.

Mwalimu wenu wa kujitolea