Kazi zipo, watu wapo, sasa kinachokosekana ni nini?

Leo naomba tuongee habari ya kazi, maana kila ninayekutana naye hapa Bariadi analia lake.

Wiki iliyopita nilimpeleka mama mdogo zahanati. Tumefika saa mbili asubuhi, tumetoka saa tisa. Muuguzi ni mmoja tu: yeye anapima, yeye anachoma sindano, yeye anazalisha, yeye huyo huyo anaandika daftari. Watu kwenye foleni wakaanza kumfokea. Akasema taratibu, "Jamani, na mimi ni mtu."

Kurudi tukapanda bodaboda, mshikaki. Kijana anatuambia ana digrii ya ualimu, kamaliza 2019, na shule ya kijijini kwao kila siku wanalia hakuna walimu. Nikabaki najiuliza, hii hesabu inakuwaje? Kazi ipo, mtu yupo, halafu havikutani!

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2012, mwaka ambao Simiyu imekuwa mkoa, madaktari waligoma Januari, wakagoma tena Juni. Julai 30 walimu nao wakagoma mpaka mahakama ikawazuia. Wengi tulisema wanataka hela tu. Lakini madaktari walidai na vifaa na mazingira ya kazi pia. Kelele zikaisha, mzigo ukabaki pale pale.

Na mzigo wenyewe unaongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,584,157 Simiyu. Ya 2022 ikakuta 2,140,497. Hapo katikati, Januari 2016, elimu bila ada ikaanza na watoto wakafurika madarasani. Jambo zuri kabisa. Lakini Juni mwaka huo huo Serikali ikasimamisha ajira mpya ili kusaka watumishi hewa, na Aprili 2017 watumishi 9,932 wakatajwa kuwa na vyeti feki na kuamriwa kuondoka. Sitetei vyeti feki hata kidogo. Ninachosema ni kwamba anayeondoka anaacha kazi yake mezani, na anayeibeba ni yule aliyebaki.

Halafu 2021 tukapata mkopo wa UVIKO kutoka IMF, shilingi trilioni 1.3, yakajengwa madarasa 15,000 nchi nzima. Mazuri, yana vigae. Ila matofali hayafundishi wadau!

Sasa sikieni hii. Ajira za ualimu za msimu wa 2024/25 zilikuwa nafasi 14,648. Walioomba ni 201,707. Yaani nafasi moja inagombewa na watu karibu 14, wakati shule zenyewe zina upungufu. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba watu hawapo. Kinachokosekana ni nafasi zilizotengewa mshahara. Halmashauri ikikosa mtu haiwezi kuamka asubuhi ikaajiri, lazima kibali kitoke juu, na kibali kinafuata bajeti.

Na hata akipangiwa mtu huku kwetu, anafika kijijini hakuna nyumba, maji ya kubahatisha, mume au mke yuko Mwanza. Mwaka wa pili anaandika barua ya uhamisho. Tunarudi sifuri.

Pengo linazibwa vipi? Kwa "kujitolea". Dada yangu anafundisha hisabati shule moja ya sekondari mwaka wa tatu sasa, analipwa michango ya wazazi. Mwezi ambao pamba haijauzwa, hapati kitu. Vipindi anavyofundisha ni sawa na vya mwenye mshahara. Sasa kama kazi inafanyika bure, nani atakuwa na haraka ya kuajiri?

Sekta binafsi ndio usiseme. Mshikaji wangu ni mlinzi, analinda masaa 12, wiki nzima. Akiomba siku ya kupumzika bosi anamjibu, "Ukichoka sema, nje wapo kumi." Hapo ndio penyewe. Huyu aliyeko ndani anakandamizwa kwa sababu sisi tuko nje. Asiye na kazi na anayezidiwa na kazi wanaumwa ugonjwa mmoja!

Kuna wanaosema vijana tujiajiri, tusitegemee Serikali. Sawa, bodaboda wangu kajiajiri. Lakini nani amejiajiri kuzalisha akina mama saa nane usiku kwenye zahanati ya kijiji? Kazi nyingine lazima mtu aajiriwe.

Mei Mosi 2025 kule Singida Rais Samia alitangaza kima cha chini serikalini kipande kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Tusibeze, ni hatua. Ila nyongeza haimgusi asiye na mshahara, na haimpi yule muuguzi mwenzake wa kupokezana naye.

Maoni yangu: kila darasa au zahanati inayojengwa itengewe mshahara wa mtu kabla ya tofali la kwanza. Wanaojitolea walipwe posho inayoeleweka, na miaka yao ihesabiwe kwenye ajira. Wanaokubali kwenda vijijini wapewe nyumba. Na sisi tukiwa kwenye foleni tuache kumfokea muuguzi, tumfokee diwani na mbunge.

Nawakilisha. Huko kwenu hali ikoje?