Matokeo ya Utafiti Yarudi kwa Wenyewe

Mwaka 2022 Serikali, kupitia Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, ilitangaza kwamba itawatunuku fedha wataalamu wa vyuo vyetu watakaofaulu kuchapisha makala za utafiti katika majarida ya kimataifa yenye hadhi ya juu. Tunauunga mkono uamuzi huo, kwani taifa lisilowathamini wasomi wake haliwezi kutazamia kuthaminiwa na wengine. Hata hivyo wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Tunaona ni haki kuuliza kama msomi wetu anatunzwa kwa kucheza kwao, au kwa kucheza ugenini.

Wasomaji wetu wengi, hususan ndugu zetu wa visiwa vya Bumbire, Ikuza, Kerebe na Goziba, huenda hawajapata kuelezwa jinsi mtaalamu wa tiba anavyopimwa na wenzake. Mtaalamu akimaliza utafiti huandika makala, nayo huchapishwa katika jarida. Mwenzake wa Nairobi, Kampala au London akiitumia makala hiyo katika kazi yake, hana budi kuitaja. Na kila kutajwa huhesabiwa. Mmarekani Eugene Garfield ndiye aliyeanzisha faharasa ya kuweka hesabu hizo katika miaka ya 1960. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akabuni kipimo kinachotumika sana hadi leo, ambacho mtaalamu mwenye makala 20 zilizotajwa kila moja si chini ya mara 20 hupewa alama 20. Alama hizo huangaliwa mtu anapoomba kupandishwa cheo, na huangaliwa tena anapoomba fedha za utafiti.

Hatukibezi kipimo hicho. Kazi isiyotumiwa na mtu yeyote ni sawa na shamba lililolimwa lisipandwe. Na sisi wa Kagera tuna sababu ya pekee ya kuiheshimu kazi iliyoandikwa ikasomwa duniani.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa katika mkoa huu, na kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikwisha kutoa taarifa za wagonjwa. Siku zile uvumi ulikuwa mwingi kuliko elimu. Wapo walioyaita maradhi hayo Juliana, kwa jina la mavazi yaliyokuwa yakiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda, na wapo waliodai kuwa ni uchawi wa watu waliodhulumiwa katika biashara. Ndipo mwaka 1987 Dakta Japhet Killewo wa Muhimbili na wenzake, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden, walipopima damu ya watu wazima wa miaka 15 hadi 54 katika mkoa wetu. Walikuta kwamba katika mji wa Bukoba watu 24.2 katika kila 100 walikuwa na virusi. Katika eneo la vijijini lililojumuisha Muleba walikuwa 10.0, Karagwe 4.5, na upande wa Ngara na Biharamulo 0.4 tu.

Hesabu hizo zilichapishwa mwaka 1990, na watafiti wa nchi nyingi wamezitaja tangu wakati huo. Kazi haikuishia hapo. Mwaka 1993 Dakta Gabriel Lwihula na wenzake walichapisha makala juu ya namna jamii za Kagera zenyewe zilivyoyaona na kuyaelewa maradhi haya. Mwaka 1998 Dakta Gideon Kwesigabo na wenzake walionyesha kwamba maambukizo mjini Bukoba yameshuka, hasa miongoni mwa wanawake vijana. Kutoka asilimia 24.2 ya mwaka 1987 yalifika asilimia 18.3 mwaka 1993, na mwaka 1996 yakafika asilimia 13.3. Huo ulikuwa miongoni mwa ushahidi wa mapema katika Afrika kwamba watu wakielimishwa na kuamua kubadili mwenendo wao, maradhi hayo yanaweza kurudishwa nyuma. Na yote hayo yalikuwa kabla ya dawa za kufubaza virusi kuwafikia wananchi wetu.

Sasa hoja yetu ni hii. Ushindi huo ni wa nani? Makala zina majina ya waandishi, na hivyo ndivyo inavyopasa. Lakini waliotoa damu, waliojibu maswali ya siri za nyumba zao na waliobadili maisha yao ni wananchi wa Bukoba na Muleba, ambao majina yao hayamo wala hayakupaswa kuwamo. Malipo yao pekee ni kuyajua matokeo na kuyatumia. Hatusemi kwamba wataalamu tuliowataja hawakurudi kwa wananchi. Tunasema kwamba hata kama walirudi mara mia, vitabu vya kuhesabia kutajwa havina safu ya kuandikia jambo hilo. Mtafiti aliyeketi na wazee chini ya mwembe akawasomea matokeo kwa Kiswahili na Kihaya, na mwingine aliyekusanya damu akapanda ndege asionekane tena, mbele ya kipimo hicho ni sawasawa. Pengine huyo wa pili atapata alama zaidi, kwa kuwa muda wake wote aliutumia kuandika.

Ziwa letu limekwisha kuliona jambo hilo. Kati ya mwaka 1906 na 1907 Mjerumani Robert Koch, aliyekwisha kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1905, aliweka kambi katika Visiwa vya Sese, upande wa Uganda, akitafuta tiba ya malale. Wagonjwa walimjia kwa wingi, wakiwamo watu wa upande wetu wa ziwa. Aliwachoma sindano za dawa iliyoitwa Atoxyl, na baadhi ya waliopewa kiasi kikubwa walipofuka macho. Leo taasisi kubwa ya afya mjini Berlin inaitwa kwa jina la Koch. Hao waliopoteza macho yao kisiwani hakuna anayewataja. Huo ulikuwa utawala wa kikoloni, na hatukutazamia mengine kutoka kwake. Lakini sisi tuliojitawala hatuna udhuru wa kuendeleza desturi ya aina hiyo kwa mikono yetu wenyewe.

Wala si mambo ya kale tu. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulizuka katika kata za Maruku na Kanyangereko, wilayani Bukoba. Watu 9 waliugua na 6 wakafariki dunia kabla ya mlipuko huo kutangazwa kwisha tarehe 2 Juni mwaka huo. Taarifa zilieleza kwamba mgonjwa wa kwanza alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba. Mwezi Januari 2025 ugonjwa huohuo ukatangazwa tena, safari hii Biharamulo. Wataalamu wanafahamu kwamba virusi vya Marburg huishi katika popo wala matunda wanaokaa mapangoni, na wameandika mengi juu ya hayo katika majarida. Lakini anayehitaji kuyajua kwanza ni mvuvi wa Goziba, na mchuuzi wa dagaa anayevuka naye katika mtumbwi mmoja, na mganga wa zahanati atakayempokea akiwa na homa. Hao hawasomi majarida ya Kiingereza, na mengine husomwa kwa kulipia fedha ambazo zahanati ya kijiji haina.

Wapo watakaosema kwamba elimu ya kitaalamu haiwezi kuelezwa kwa lugha ya wananchi. Jibu letu ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Wakati huo nchi ilikuwa maskini kuliko leo, lakini kwa redio, vitabu vyepesi vya Kiswahili na vikundi vya kujisomea, watu wazima wapatao milioni mbili walijifunza habari za malaria, kichocho, maji safi na vyoo; nao hawakuishia kusikiliza, bali walichimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Lililowezekana kwa redio ya betri haliwezi kushindikana katika zama za simu za mkononi.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo manne kwa wanaohusika. Kwanza, masharti ya vibali vya utafiti yanamtaka mtafiti akabidhi nakala za machapisho yake kwa Wizara ya Afya na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Sharti hilo ni jema, lakini nakala iliyofika wizarani haijafika Goziba. Liongezwe sharti la muhtasari wa Kiswahili, kurasa mbili au tatu, upelekwe kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na usomwe katika mkutano wa kijiji kilichofanyiwa utafiti.

Pili, vyuo vikuu vinapompandisha mtaalamu cheo, vimhesabie pia kazi hiyo ya kurudisha matokeo. Tatu, tuzo ya Serikali iwe na fungu kwa ajili ya utafiti uliobadilisha jambo linaloonekana katika wilaya fulani, hata kama haukutajwa mara nyingi ng'ambo. Nne, Halmashauri za Bukoba na Muleba ziweke daftari la kila utafiti wa afya unaofanyika katika eneo lao. Daftari hilo lionyeshe nani alikuja, alichukua nini, aliahidi nini na alileta nini, na Madiwani walipitie kila mwaka. Kisiwa kisisahauliwe kwa kisingizio cha mawimbi, kwani wanaokwenda kuchukua damu huvuka mawimbi hayohayo.

Na wananchi nao wana wajibu. Kutoka Kanazi kwenye migomba hadi mialo ya Goziba, mtafiti akija apokewe kwa heshima na aelezwe ukweli, kwani bila ukweli huo hakuna tiba. Lakini kabla hajaondoka aulizwe, kwa adabu na bila woga, atarudi lini na majibu.

Tuliokaa chini ya walimu wa madrasa tulifundishwa mapema kwamba elimu bila matendo ni mti usio na matunda, na tulipoingia katika shule za Serikali tukaambiwa kwamba aliyesomeshwa kwa jasho la wengi ana deni kwa wengi. Mafunzo hayo mawili hayapingani. Wasomi wetu na watajwe duniani kote, nasi tutajivunia. Lakini deni lao la kwanza liko vijijini na visiwani, kwa watu waliotoa damu yao ipimwe, na Serikali ihakikishe linalipwa.