Kisigino Kinachouma Si Uvivu



Je, ukiamka asubuhi na kukanyaga chini, hatua ya kwanza inakuchoma kisiginoni kama umekanyaga msumari? Ukishatembea kidogo maumivu yanapungua, kisha yanarudi jioni, au kila ukikaa na kuinuka? Kama ndivyo, soma hadi mwisho.

Mimi ni mhamasishaji wa afya, na hapa Nyarugusu kazi yetu ni miguu. Tunapita nyumba kwa nyumba kuangalia vyoo, kuwatafuta watoto waliokosa chanjo na wagonjwa wa kifua kikuu walioacha dawa. Wala si sisi peke yetu. Yupo mama anayefuata kuni mbali, yupo mlinzi wa usiku, yupo kijana anayebeba mgao wa wenzake apate chochote. Kambi ilifunguliwa mwaka 1996, na wengine wamezipita njia zile zile miaka mingi wakiwa na kandambili zilizoliwa kisiginoni.

Mimi niliumwa miezi saba bila kusema. Unajua sababu: katika kazi ya posho, wanaoingoja nafasi yako ni wengi. Nilipojikaza nikamwambia msimamizi wangu wa wakati ule, alicheka akasema kila mtu anatembea. Jirani naye aliniambia nimekanyaga mtego wa mtu. Sikumbishia, lakini mtego huo ulikuwa umewanasa pia wenzangu watatu wa zamu yetu, na sote tulivaa viatu vya aina moja!

Ukweli ni huu. Chini ya unyayo kuna utando mgumu unaotoka kwenye kisigino hadi kwenye vidole, nao ndio unaoshikilia uvungu wa mguu. Ukitembea kutwa juu ya ardhi ngumu na soli nyembamba, utando huo huchoka na kuumia pale unaposhika mfupa. Usiku hujikaza, ndiyo maana hatua ya kwanza huuma zaidi. Wengine huambiwa wameota mfupa. Mfupa huo upo hata kwa watu wasioumwa kabisa, kwa hiyo usikutie hofu.

Kinachosaidia hakinunuliwi. Kabla hujashuka kitandani, weka mguu unaouma juu ya goti la mwingine, shika vidole uvivute kuelekea kwako mpaka unyayo ukaze. Hesabu hadi 10, achia, rudia mara 10. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Kisha simama mbele ya ukuta, mikono ukutani, mguu unaouma nyuma, goti limenyooka na kisigino hakiinuki. Utasikia kigimbi kinavutika. Jioni jaza chupa ya plastiki maji ya mtungini yaliyopoa, ifunge vizuri, iviringishe chini ya unyayo ukiwa umekaa. Usitembee pekupeku, hata ndani ya nyumba. Ukipata kiatu cha mitumba chenye soli nene na kisigino kilichoinuka kidogo, ni bora kuliko kandambili mpya. Lakini uwe na subira. Maumivu haya huisha kwa miezi, si kwa siku, na anayeacha zoezi wiki ya pili asiseme halifai.

Nakuonya juu ya vidonge vya sokoni. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza maumivu, lakini ukivimeza kila siku, tena bila chakula, vinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Mama mjamzito asivimeze bila kuuliza, wala mwenye vidonda vya tumbo au shinikizo la damu. Dawa inayokuwezesha kutembea kutwa juu ya mguu ulioumia haijauponya.

Usikae nyumbani na zoezi ikiwa mguu umevimba na una joto, una homa, una kidonda kisichopona, au nyayo zina ganzi. Mwenye kisukari aende zahanati siku hiyo hiyo.

Sasa neno kwa wanaotupangia kazi. Kila mwaka tunapewa fulana zenye maandishi. Fulana ni nzuri, lakini fulana haitembei. Ningeomba fedha hiyo inunue viatu, na mhamasishaji apangiwe nyumba za kijiji anachoishi badala ya kuvuka kambi nzima mara mbili kwa siku. Atafika kwa watu wengi zaidi akiwa mzima.

Nawe msomaji, ukifika zahanati usiseme “mwili unauma”. Litaandikwa hivyo daftarini, na mwisho wa mwezi hakuna atakayejua ni miguu mingapi. Sema: kisigino, asubuhi, hatua ya kwanza. Taja na kazi yako.