Mazoezi pekee hayatoshi kutuliza akili za wafugaji Korbesa

SHIRIKA la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kila mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa angalau dakika 150 kwa wiki. Mazoezi hayo, linaeleza, hupunguza dalili za sonona na wasiwasi.

Kwa mkazi wa Korbesa, eneo la Merti katika Kaunti ya Isiolo, ushauri huo waweza kuonekana mzaha. Mchungaji anayefuata ngamia malishoni hukamilisha dakika hizo kabla ya adhuhuri ya siku moja. Mwanamke anayeteka maji mbali na nyumbani hali kadhalika.

Hata hivyo, wingi wa hatua hauonyeshi utulivu wa moyo. Atembeaye kwa hiari, mahali salama, akiwa na wenzake, hurejea amepumzika. Atembeaye akihofia wezi wa mifugo, au asiyejua iwapo kisima kina maji, huchosha mwili na akili pia. Mazingira ndiyo huamua kama mwendo utakuwa dawa au mzigo.

Ukame ulidhihirisha jambo hilo. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, na zaidi ya mifugo milioni mbili wakafa nchini Kenya. Mfugaji aliyepoteza kundi lake hakupoteza mali tu. Alipoteza safari za malishoni, mazungumzo ya kisimani na heshima ya mwenye mifugo. Aliyezoea kutembea kutwa akabaki ameketi, akisubiri chakula cha msaada.

Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yalizipa serikali za kaunti jukumu la kutoa huduma hizo. Ni hatua njema, kwani mgonjwa huhitaji tiba na hawezi kuambiwa tu atembee. Lakini zahanati haiwezi kuponya kinachosababishwa na malisho yaliyokauka.

Kwa hivyo kuchimba visima karibu na makazi, kulinda malisho, kuwarejeshea mifugo waliofilisika na kuwatengea vijana viwanja vya michezo si miradi ya maendeleo pekee. Ni kinga ya afya ya akili, na yafaa ihesabiwe hivyo kaunti inapopanga bajeti yake.