Tusiuchune Muiri, Tuupande



Mti ambao Wakikuyu huuita muiri, na Wakalenjin tenduet, ni mwenyeji wa misitu ya milimani yenye mvua nyingi. Huko Ulaya magome yake hutengenezwa dawa ya wazee wanaume wenye taabu ya kukojoa. Tangu mwaka 1995 biashara yake baina ya nchi na nchi imewekewa masharti ya mataifa.

Mtu akibandua gome kuuzunguka mti wote, mara nyingi mti hukauka. Ni sawa na kumchinja ng'ombe wa maziwa ili kuuza ngozi.

Maoni yangu ni haya: kila shamba liwe na miiri mpakani. Mbegu zipandwe mbichi, kwani zikikaa sana hazioti. Anayetegemea msitu tu atakuta visiki.