Kura ya Maoni Si Pambo

Wapo watu, na baadhi yao wasomi, wanaodai kwamba katiba ni shughuli ya wanasheria. Kwamba mkulima wa mpunga wa Mngeta au Masagati anatosha kuchagua mbunge tu, mengine awaachie wakubwa. Dai hilo ni kasumba ya kikoloni, na hapana budi lipingwe.

Tuitazame Zanzibar. Julai 31, 2010, wavuvi na wakulima wa karafuu wa Unguja na Pemba waliulizwa swali moja: je, wanakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa? Asilimia 66.4 walikubali, asilimia 33.6 walikataa. Oktoba mwaka huohuo ukafanyika uchaguzi mkuu. Wagombea wakuu wa urais walitengana kwa takriban asilimia moja tu, lakini visiwa vilivyomwaga damu Januari 2001 vilipiga kura kwa amani. Je, huo ni umma usioelewa?

Jirani zetu wa Comoro walipiga kura ya maoni Julai 30, 2018. Wapinzani waliisusia, kisha ikatangazwa kuwa waliokubali walipita asilimia 90. Tarakimu kubwa si hoja. Theluthi mbili waliojadiliana na wenzao wana uzito kuliko tisa kwa kumi wasiojibiwa na mtu.

Bara hatujawahi kuulizwa. Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa na Bunge Maalumu mwaka 2014, na kura ikapangwa Aprili 30, 2015. Iliahirishwa kwa sababu daftari la wapiga kura halikuwa tayari, na hadi leo haijapigwa. Tena Aprili! Mwezi ambao masika huijaza Kilombero maji, na njia ya Ifakara hadi Mlimba hugeuka tope. Aliyeuchagua mwezi huo hakumfikiria mkulima wa bonde hili.

Ndugu walimu na watumishi wa umma, ninyi ndio husimamia vituo vya kura. Siku hiyo itakapofika, kusimamia sanduku hakutatosha. Mbunge ana sura na sauti, mwananchi humjua; waraka wa katiba hauna mdomo, sharti usomwe na ufafanuliwe. Kazi yenu si kumwambia mwananchi aseme ndiyo au hapana, bali kumweleza kila jibu litazaa nini. Mtumishi anayesubiri kuamriwa ndipo ausome waraka huo amekwisha kuungana na wale wanaodai kwamba umma haujui kitu.