Picha ya Ubongo Haimalizi Yote



Siku hizi mtu akiugua kichwa, ndugu zake huuliza kwanza: "Picha atapigwa lini?" Sisi wauguzi hatuipingi picha. Mashine za CT na MRI zimeokoa wengi. Lakini imani hiyo imepita kiasi, na ugonjwa wa Lyme unatuonyesha kwa nini. Kwetu haujazoeleka, ila unawahusu masista, mapadre na vijana wetu wanaokwenda kusoma au kufanya kazi Ujerumani, Austria na Marekani.

Jina limetokana na mji wa Lyme, Connecticut, Marekani. Huko, mwaka 1975, akina mama walitoa taarifa kwamba watoto wengi wanavimba magoti. Mwaka 1981 mtaalamu Willy Burgdorfer alimgundua bakteria wake ndani ya kupe. Bakteria huyo ni wa ukoo mmoja na yule wa homa ya papasi, wanayoijua watu wa Dodoma. Siku au wiki kadhaa baada ya kuumwa na kupe, doa jekundu hutokea kwenye ngozi na kupanuka polepole. Kwa baadhi ya watu ugonjwa hufika kwenye mishipa ya fahamu: uso hupinda upande mmoja, shingo hukakamaa, au mgongo huuma sana, hasa usiku.

Hapo ndipo picha hudaiwa. Lakini kwa wagonjwa wengi wa namna hii, picha ya MRI ya ubongo hutoka safi. Mara nyingine huonekana vidoa vyeupe, ila vidoa kama hivyo huletwa pia na uzee au shinikizo la damu. Kwa hiyo picha safi haithibitishi kwamba mtu hana Lyme, wala vidoa havithibitishi kwamba anayo. Kazi kubwa ya picha ni kutafuta jambo jingine, kama uvimbe au kiharusi.

Kinachoamua ni maelezo ya mgonjwa mwenyewe, kipimo cha damu na, inapohitajika, maji ya uti wa mgongo. Ugonjwa ukijulikana mapema, antibiotiki kama doksisaiklini au seftriaksoni kwa wiki mbili hadi tatu huwaponya wengi.

Tunaandika haya kwa sababu kosa hilohilo lipo kwetu, katika homa ya uti wa mgongo. Mtoto ana homa, shingo imekakamaa, daktari anaomba kupima maji ya mgongo. Familia inakataa, ikisema sindano itampoozesha au kumuua. Kisha wanauza ng'ombe ili apelekwe mjini kupigwa picha, na siku zinapita.

Ndugu zangu, sindano hiyo huingia kiunoni, chini ya pale uti wenyewe unapoishia. Hutolewa maji kidogo tu, na mwili huyarudisha kwa saa chache. Mtoto akifa baadaye, kwa kawaida kilichomuua ni ugonjwa uliocheleweshwa. Maji hayo huonyesha kijidudu gani kimeingia na dawa gani itamfaa. Picha haiwezi kusema hivyo. Zipo nyakati daktari ataomba picha kwanza, kwa mfano mgonjwa akiwa amezimia au upande mmoja wa mwili umelegea. Tumsikilize, na dawa zisisubiri picha.

Walioko ng'ambo waambieni hivi: wakitoka msituni wakague mwili, kupe aliyenasa wamng'oe kwa kibano, na wakiugua wamweleze daktari walikopita. Nanyi wazazi, mkiombwa ruhusa ya kipimo cha mgongo, ulizeni maswali yote mliyo nayo. Mkishajibiwa, kubalini siku hiyohiyo. Mungu ametupa madaktari na mashine. Ametupa pia akili ya kujua kipi kitangulie.